Uso, Utupu, Kitu au Ushahidi: Ulinganisho wa Njia Nne za Kubuni Bango la Filamu ya Kutisha

Bango la filamu ya kutisha linatakiwa kumfanya mtu asisimke mwili na kutaka kugeuza macho, na papo hapo limvute asogee karibu. Likitisha tu, watu hulipita haraka. Likivutia tu, linakuwa bango la filamu yoyote lililopakwa rangi nyeusi. Wabunifu wengi hukwama hapa kabla hawajafungua hata programu ya kuchorea, kwa sababu njia zipo kadhaa na kila moja ina madai yake.

Tunalinganisha nne. Ya kwanza ni uso: sura ya mtu mmoja inajaza bango zima, na kuna kasoro moja ndani yake. Katika bango la The Silence of the Lambs (1991) kasoro hiyo ni nondo, mdudu anayefanana na kipepeo, aliyetua mdomoni. Ya pili ni utupu: umbo dogo ndani ya eneo kubwa lisilo na kitu, kama yule mtu mwenye kofia na mkoba aliyesimama mbele ya nyumba katika bango la The Exorcist (1973), kazi ya Bill Gold. Ya tatu ni kitu kimoja kisicho na mtu kando yake. Mfano wake ni yai lenye ufa unaotoa mwanga wa kijani katika bango la Alien (1979). Ya nne ni ushahidi, yaani bango linalojifanya si bango: tangazo la mtu aliyepotea, ukurasa wa jalada la polisi, picha iliyokutwa mahali. The Blair Witch Project (1999) ilitangazwa kwa vipeperushi vya watu waliopotea, na sura zilizokuwamo ni za waigizaji wenyewe.

Suala la kamera au brashi tumeliacha nje makusudi. Njia zote nne zinafanyika kwa picha au kwa mchoro, na papa maarufu wa bango la Jaws (1975) alichorwa na Roger Kastel kwa rangi za mafuta.

Vigezo ni vinne: swali ambalo bango linamwachia mtazamaji, vifaa na kazi inayohitajika, namna bango linavyostahimili kufanywa dogo na kuchapwa kubwa, na mahali linapoharibikia. Kigezo cha kwanza ndicho kizito. Bango la kutisha hufanya kazi kwa kile linachoficha, na njia hizi nne hazifichi kitu kilekile.

## Swali linalobaki kichwani

Uso unauliza: huyu ana nini? Jicho la binadamu huukimbilia uso kabla ya herufi, na hugundua hitilafu ndogo mno kwenye uso kabla mtu hajaweza kueleza ameona nini. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Hitilafu iwe moja: mdomo uliofunikwa, jicho moja lililofutwa, tabasamu lililovutwa kidogo kupita mwisho wake wa kawaida. Mwelekeo wa macho nao hubadilisha swali. Mtu wa kwenye bango akikukazia macho, tishio ni yeye. Akitazama juu ya bega lako, tishio liko nyuma yako, na hii mara nyingi hutisha zaidi ingawa hutumiwa mara chache. Kisha kuna ile nukta nyeupe ya mwanga kwenye mboni. Ifute, na mtu aliye hai ataanza kuonekana kama maiti bila kuguswa popote pengine.

Tahadhari kuhusu kupindua. Mwaka 1980 Peter Thompson, mwanasaikolojia, alionyesha kwamba uso uliogeuzwa kichwa chini, huku macho na mdomo vikiachwa wima, huonekana karibu wa kawaida, lakini ukisimamishwa wima unaogofya. Kwa hiyo ukiharibu macho halafu ukautundika uso kichwa chini, umeizika kazi yako mwenyewe.

Utupu unauliza: kuna nini kule? Bango la The Exorcist linafaa kutazamwa polepole. Katika picha nyingi mwanga ni kimbilio, lakini hapa mwanga unatoka dirishani mwa chumba chenye balaa na kumwangukia mtu aliye nje. Chumba chenyewe hatukioni. Jaws inacheza na nafasi kwa namna nyingine: mwogeleaji yuko juu, mdogo, hajui lolote, na sisi tunaona kilicho chini yake. Kwa hiyo utupu una sura mbili. Katika ya kwanza mtazamaji hajui, na katika ya pili anajua kuliko mhusika. Chagua moja. Ukizichanganya, bango linaonyesha jitu huku likijifanya linalificha.

Kitu kinauliza: hiki kitafanya nini? Hapa methali ya kikulacho ki nguoni mwako inafaa kabisa, maana kitu kinachotisha zaidi ni kile ambacho mtu anacho nyumbani. Bango la Halloween (1978), lililochorwa na Bob Gleason, linaonyesha boga lililochongwa sura ambalo mikunjo yake inageuka kuwa mkono ulioshika kisu. Boga lenyewe halina ubaya wowote, na woga unaanzia pale linapoacha kuwa boga. Bango la Alien linaongeza jambo jingine: yai lile halifanani na mayai yanayoonekana kwenye filamu, na hakuna aliyedai kurudishiwa pesa ya tiketi. Kitu cha bangoni si lazima kinakili filamu. Kinatakiwa kubeba hofu yake.

Ushahidi unauliza: ilitokea kweli? Ni swali kali kuliko yote likifanikiwa, na ndilo linaloisha makali mapema. Mbinu hii si mpya. Mwaka 1920 kuta za Berlin zilibandikwa maneno yaliyowaamuru wapita njia wawe Caligari, bila maelezo, kabla watu hawajajua kwamba ni filamu, The Cabinet of Dr. Caligari.

## Vifaa na kazi

Kwa uso unahitaji mwigizaji, taa moja na subira. Weka taa chini ya kidevu au upande mmoja kabisa, kwa sababu tumezoea mwanga unaotoka juu na vivuli vikipanda badala ya kushuka sura inageuka ngeni. Lenzi ya milimita 85 huuacha uso katika uwiano wake, ile ya 24 hadi 35 ukisogea nayo karibu huvimbisha pua na kusukuma masikio nyuma. Jaza fremu wakati wa kupiga picha, usitegemee kukata baadaye. Sababu ni hesabu tu: bango la kawaida la sinema lina inchi 27 kwa 40, karibu sentimita 69 kwa 102, na kwa pikseli 150 kila inchi linadai pikseli 4,050 kwa 6,000. Kamera ya megapikseli 24 ikisimamishwa wima inatoa kiasi hicho takriban, na haibakizi kitu cha kukata. Usilainishe ngozi. Vitundu, ukavu wa midomo na mishipa ya macho ndivyo vinavyomfanya mtazamaji aamini kabla ya kuingiwa na hofu.

Utupu unaonekana rahisi kumbe ndio wenye kazi ya kiufundi kuliko zote. Umbo lichukue kati ya 1/20 na 1/10 ya kimo cha bango. Linalozidi hapo huanza kuwa picha ya mtu aliyesimama mahali. Eneo tupu lisiwe rangi moja iliyolala, liwe na mteremko wa giza unaoelekeza jicho, na mteremko huo ndio unaoleta taabu. Ukifanya kazi katika biti 8, ambapo viwango vya rangi ni vichache, giza linalofifia polepole hugawanyika kuwa michirizi inayoonekana wazi kwenye skrini na kwenye karatasi. Fanya kazi katika biti 16, kisha nyunyizia chembechembe za asilimia 1 hadi 2 juu ya mteremko. Michirizi inapotea, na giza linapata uhai kidogo kama la filamu ya zamani.

Kitu ndicho kinachodai kidogo. Meza, kitambaa cheusi kisichong'aa, taa moja ya pembeni, na kitu chenyewe. Saa chache zinatosha kwa picha, ila siku nzima inaweza kuishia kwenye kutafuta kitu sahihi. Kipe dosari moja yenye maana: ukucha uliobaki kwenye ufa, unyevu mahali pasipotakiwa kulowa, mwanga unaotoka ndani.

Ushahidi hauhitaji programu ghali, unahitaji uchakavu wa kweli. Usipakue picha ya karatasi iliyochanika na kuibandika juu, kwani mpenzi wa filamu za kutisha ameshaiona mara mia. Chapa tangazo lako, lipitishe kwenye mashine ya fotokopi mara 3 ukinakili nakala ya nakala, likunje mara nne, liache juani au lishike kwa mikono yenye jasho, kisha liskani kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya mtu iwe ya kawaida, iliyopigwa vibaya kidogo, mtu akicheka. Waliopotea huwa hawakujipanga kupigwa picha ya kupotea.

## Likiwa dogo, likiwa kubwa

Siku hizi watu wengi hukutana na bango kwanza kama kijipicha cha pikseli 150 kwa 225, katikati ya vijipicha vingine ishirini. Hapa njia zinaachana vibaya.

Uso unabaki uso hata ukiwa na upana wa kidole gumba, lakini kasoro ndogo uliyoihangaikia inaweza kumezwa. Ikiwa kasoro ni ya jicho, jicho hilo lichukue angalau moja ya sita ya upana wa bango. Kitu kinashinda kwa urahisi ikiwa umbo lake la nje linatambulika likijazwa weusi mtupu. Lifanyie jaribio hilo kabla ya kuendelea, kwa sababu yai na boga hupita, ilhali kiti kilichovunjika mara nyingi hakitambuliki. Utupu unaumia. Umbo la moja ya ishirini ya kimo linabaki na pikseli 11, na mtu wa pikseli 11 ni alama ya wino tu. Suluhisho ni kutengeneza toleo la pili la kijipicha, lenye umbo lililokuzwa mara mbili au tatu na utupu uliopunguzwa. Ushahidi hufa kabisa, kwani maneno yake hayasomeki na kinachobaki ni karatasi ya kijivu. Njia hii ni ya ukutani, mkononi na mahali ambapo mtu anasimama.

Kwenye uchapaji mambo yanageuka na utupu unatawala, mradi weusi uwe weusi. Wino mweusi peke yake juu ya eneo kubwa hutoka kijivu kama mkaa uliopoa. Mchanganyiko wa samawati 60, majenta 40, njano 40 na nyeusi 100 unatoa weusi mzito, na jumla yake, asilimia 240, iko chini ya kikomo cha 300 ambacho wachapaji wengi hutumia. Muulize wako kikomo chake kabla ya kutuma faili. Undani wowote wa gizani unaotaka uonekane usiwe na mwangaza chini ya asilimia 10 kwenye skrini, maana karatasi itaumeza. Bango likienda kwenye kisanduku chenye taa nyuma yake, lichapwe pande mbili, upande wa nyuma ukiwa taswira ya kioo ya ule wa mbele. Bila hivyo taa hupausha rangi, na weusi ndio huathirika kwanza.

Maneno meupe juu ya weusi huu yana mtego wake. Rangi nne zisipoangukia mahali pamoja sawasawa, wino huingia ndani ya herufi nyembamba na kuzila. Herufi zisipungue pointi 8, na mistari yake isiwe ya nywele. Nyekundu nayo husumbua. Nyekundu kamili juu ya nyeusi ina utofautishaji wa takriban 5 kwa 1, unaosomeka. Ukiitia giza ifanane na damu iliyoganda, unashuka hadi karibu 2 kwa 1, na jina la filamu linapotea. Geuza kazi yote iwe nyeusi na nyeupe kwa muda. Jina likitoweka hapo, badilisha.

Tukiwa kwenye rangi: nyeusi na nyekundu si sheria. Bango la The Shining (1980), kazi ya Saul Bass, lilitoka kwa njano iliyokolea, Rosemary's Baby (1968) ilikuja kwa kijani, na Midsommar (2019) ikaweka mwanamke analia chini ya maua mchana kweupe. Kwenye ukuta wa mabango meusi kumi, la njano ndilo linaloonekana limebeba siri.

## Linapoharibikia

Uso huharibikia kwenye wingi. Ukifuta macho, ukapasua midomo na kuongeza mishipa shavuni, mtazamaji haoni tena mtu, anaona barakoa, na barakoa haina siri. Kosa la pili ni la mkataba: mwigizaji maarufu hataki sura yake iguswe, ikabaki sura nzuri yenye kivuli. Ukijua hivyo mapema, funika sehemu ya uso badala ya kuibadilisha. Yule nondo wa The Silence of the Lambs alifanya hivyo, na alibeba siri ndani ya siri: fuvu la mgongoni mwake limeundwa kwa miili ya wanawake saba, kutoka picha ya mwaka 1951 ya mpiga picha Philippe Halsman na mchoraji Salvador Dalí. Mtu anaweza kuliona bango hilo miaka kumi kabla ya kugundua. Tabaka kama hilo ni zawadi kwa anayerudi, lakini bango lisilitegemee kwa mara ya kwanza.

Utupu huharibikia kwa msambazaji. Anaona nafasi "haijatumika" na anajaza nyota za wahakiki, tarehe, nembo na kauli mbili. Umbo likizungukwa na maneno pande tatu, hakuna kule tena. Kubaliana tangu mwanzo kwamba maneno yote yatakaa kwenye theluthi moja ya bango, juu au chini, na nyingine haziguswi.

Kitu huharibikia kwa mazoea. Mwanasesere mwenye ufa, kunguru, kisu chenye damu na kiganja kwenye kioo kilichojaa mvuke vimechoka, na mtazamaji huvisoma kama neno "kutisha" badala ya kutishika. Kosa jingine halisemwi sana: kitu kilichowekwa katikati kwa mwanga sawa pande zote hugeuka tangazo la bidhaa. Acha nusu yake gizani.

Ushahidi huharibikia kwenye uaminifu, kwa pande mbili. Ukiwa msafi mno hauaminiki. Ukiaminika mno, unaweza kuumiza watu. Usiweke namba ya simu inayofanya kazi, nembo halisi ya polisi wala mahakama, na usibandike tangazo la uongo la mtu aliyepotea mahali ambapo familia hubandika la kweli. Jina la filamu au tarehe ya kutoka iwe mahali fulani, hata kwa herufi ndogo.

Lipo na kosa linalozihusu zote: kuonyesha mateso yenyewe. Bango huonwa na mtoto anayekwenda shule, si mwenye tiketi peke yake. Mwaka 2007 mabango ya barabarani ya filamu Captivity huko Los Angeles, yaliyoonyesha hatua za mwanamke akitekwa na kuuawa, yaliondolewa baada ya malalamiko. Na hata bila malalamiko, picha ya mateso inajibu swali ambalo bango lilitakiwa kuliuliza.

## Kwa hali gani, njia ipi

Una mwigizaji anayejulikana, au filamu inahusu mtu anayebadilika polepole. Uso. Ndiyo njia inayouza jina na hofu kwa pigo moja, na inastahimili kijipicha. Ikiwa mwigizaji hatambuliki na tishio la filamu ni mahali fulani, uso utaahidi filamu nyingine.

Filamu ni ya mahali: nyumba, msitu, bahari, chumba kimoja. Utupu, kama utakuwa na mabango ya kuchapwa na msambazaji anayekubali kuacha nafasi. Ikiwa filamu itaishi kwenye simu pekee, usianze hapa, au bajeti kazi ya toleo la pili tangu siku ya kwanza.

Bajeti ni ndogo, mwigizaji hajulikani, muda ni wiki moja. Kitu. Kinafaa pia kwa filamu zitakazofuatana, kwani kinaweza kurudi kila mara kikiwa kimebadilika kidogo. Hakifai filamu isiyo na kitu chenye uzito ndani yake, na kukibuni kwa ajili ya bango peke yake huwa kunaonekana.

Filamu imejengwa kama kumbukumbu iliyookotwa, yaani video inayodaiwa kukutwa mahali, na una mji au tamasha ambako watu watapita kwa miguu. Ushahidi, kwa wiki za mwanzo, kisha bango la pili la njia nyingine kwa ajili ya mtandaoni. Mara watu wakishajua ni filamu, karatasi ile haina tena kazi.

Filamu inachekesha huku inatisha. Kitu au uso, na kasoro iliyopitilizwa makusudi. Lile kosa la barakoa hapa linaweza kuwa ndilo unalolitaka. Utupu na ushahidi huwa vinaahidi uzito ambao ukumbi hautaupata.

Umebaki na mawili na huwezi kuamua. Yatengeneze yote kwa ukali wa rasimu, yachape kwa upana wa sentimita 5, na uyapange kila moja katikati ya mabango kumi ya filamu nyingine za aina hiyohiyo. Waonyeshe watu watano wasiojua kisa, sekunde 3 kwa kila moja, kisha uwaombe wakuambie wameona nini na wanataka kujua nini. Wakitaja kitu kimoja na kukuuliza swali, hilo lina nafasi. Wakitaja vitu vinne, punguza. Wakikusimulia mwisho wa filamu, rudi kwenye rasimu na ufunike kitu.